Shetani Niliyempitisha Barabara ya Oraba

Jumatatu, 8 Agosti 1988
Darasa la watu wazima saa kumi, kama kawaida. Watu kumi na mmoja. Baada ya imla niliwasimulia kisa kutoka katika kitabu changu cha Kimarekani. Mwandishi wake, mtu wa zamani, hampi shetani pembe. Humfanya mzee mpole, mwenye fimbo ya nyoka, anayefanana na babu ya mtu, anayefuatana na msafiri njiani. Msitu wa Amerika hawakuuelewa. Nikakihamishia kisa barabara yetu ya Oraba, iendayo mpaka wa Sudani. Wote wakainama mbele kusikiliza. Nilifurahi.

Jumatano, 10 Agosti
Nimekosea. Jirani yangu Rajabu, askari wa zamani, alirudi kutoka Sudani mwezi uliopita kwa barabara hiyo hiyo. Fimbo yake imechongwa nyoka. Sikumfikiria. Leo mwanafunzi wangu Zubeda ameniambia kwamba wanawake hawamsalimu tena.
“Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema iko na fimbo.”
“Nilisema ni hadithi.”
“Hadithi gani inajua Oraba?”
Hapa kwetu Koboko, msimulizi akitaja njia halisi, watu huona ametoa ushahidi.

Alhamisi, 11 Agosti
Mume wa Zubeda anatapika. Wanasema Rajabu amemtilia sumu. Kesho, baada ya sala, mwenyekiti wa kijiji ataamua kama Rajabu afukuzwe. Ana miaka sabini. Hana kwingine. Ninaogopa. Nina aibu zaidi.

Ijumaa, 12 Agosti
Nilisimama mbele ya watu na kitabu. Nikasoma mwanzo wa kisa kwa Kiingereza, kisha nikafasiri neno kwa neno. Amerika. Oraba haimo. Nikasema barabara niliiweka mimi.
Muuza chumvi akacheka. “Kumbe mwalimu iko danganya watu.”
Nikakubali. Kisha nikawaeleza mwisho, ambao Jumatatu sikuufikia. Shetani yule hamdhuru msafiri. Humwonyesha majirani zake wakiwa waovu, basi. Msafiri hurudi nyumbani akiwashuku wote mpaka afe. Zubeda alitazama chini.
Mwenyekiti ameamua: Rajabu abaki, darasa langu lifungwe. Ni haki.

Jumamosi, 13 Agosti
Mvua asubuhi. Mume wa Zubeda amekula uji.
Nilikwenda kwa Rajabu kuomba radhi. Alileta maji katika kibuyu. Kwa desturi mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone kwamba hamna sumu. Nilikipokea kabla hajaonja. Nikanywa yote. Majirani wawili walikuwa wakipita.
Rajabu aliingia ndani kuleta mengine.