Hitima ya Bi Kiza

Jumatatu, 12 Januari

Maboksi tena. Asubuhi nzima nafunga achari ya ndimu na sabuni za mwani za dada yangu Salma, ambaye duka lake lote limo ndani ya simu. Mtu mzima mimi, nimesoma, nimefanya kazi Maskati, leo nabandika anwani za watu kwenye chupa.

Kaja na jipya. Eti dukani pawe na mahali pa wateja kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Waulizane, washauriane. Ameliita Baraza. Nikamwambia barazani watu hukaa bure na hawanunui kitu. Jibu lake lilikuwa kunikabidhi nilisimamie mimi. Sharti moja tu: "Usimdanganye mteja hata kwa neno moja. Duka lile ni jina langu."

Alhamisi, 15 Januari

Baraza limefunguliwa. Kaingia mmoja, wa Kiembe Samaki, kuuliza kama sabuni ya mwani inaliwa. Inaliwa! Hawa ndio wateja wetu.

Salma anasema likiwa kimya hadi mwisho wa mwezi atalifunga, nami nirudi kwenye maboksi moja kwa moja. Sitaki. Nachukia harufu ya gundi.

Ijumaa, 16 Januari

Nimemtunga mtu. Bi Kiza, mjane wa Makunduchi, mwenye ulimi. Nimemwandikia maneno yake ya kwanza nikitoka kusali Ijumaa, sina hata haya: "Sabuni hailiwi, mwanangu. Kwani kwenu mmekosa hata muhogo?"

Wakacheka watu ambao sikujua kama wapo. Kumbe walikuwa wanachungulia tu siku zote. Wambea watupu.

Jumatano, 21 Januari

Baraza limejaa. Wanamuuliza Bi Kiza kila kitu: achari, udi, mume aliyenuna. Anawasuta, nao wanamshukuru. Nikiandika kwa jina langu mwenyewe hakuna anayesoma. Namdharau kila anayemwamini.

Ndimu hazitiwi pilipili mpaka jua lizilainishe, anawaambia. Na usizifunike kwa kitambaa ulichofutia mikono, mchafu wewe. Sijui maneno haya nayatoa wapi.

Mchana Salma alinisomea hayo tukila. Akayarudia ya kitambaa mara mbili, kisha akasema anatamani kumwona bibi huyo. Nikaendelea na wali wangu.

Jumapili, 25 Januari

Vituko. Watu wa kisiwa hiki hawawezi kumwacha mtu hivi hivi, lazima wajue ni wa nani. Wamemuulizia Bi Kiza mpaka wamempatia ukoo. Mmoja anaapa ndiye aliyemkanda mama yake uzazini. Mwingine anaikumbuka nyumba yake, na mbuzi wake mkorofi. Nimemtunga mimi, kwenye kiti hiki kibovu, na wao wanamkumbuka! Ujinga wa namna hii sijapata kuuona.

Aliyezidi wote ni Mwanajuma wa Bwejuu, mama mmoja anayelima mwani wa sabuni zetu. Kila akitoka pwani humwandikia Bi Kiza. Bega limemuuma, kamba zimekatika, mwanawe hapigi simu. Utadhani hana mtu mwingine duniani. Leo kaandika: "Kesho kutwa nnakuja Makunduchi kukuamkia, nshapata gari. Nyumba ipi?"

Nyumba hakuna. Nifanye nini?

Jumatatu, 26 Januari

Nimemuua.

Nimeandika barazani, kwa jina langu la msimamizi, kwamba Bi Kiza ametangulia mbele ya haki, ameshazikwa, na jamaa wanaomba watu wasisumbuke. Kuwaambia watu wa Unguja wasisumbuke kwenye msiba! Leo mjinga ni mimi.

Simu ya Salma haijanyamaza. Kaburi liko wapi? Nani kamwosha? Mwanajuma kalia kwenye simu mpaka Salma naye akalia. Wamekubaliana hitima isomwe hapa nyumbani kwetu, Ijumaa. Salma hajui kitu. Nikisema, duka lake limekwisha, maana nani atanunua kwa waongo? Nisiposema, wanawake watakuja kumsomea Kurani mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Nikaenda kuazima mikeka.

Ijumaa, 30 Januari

Walikuja. Mabuibui ukumbi mzima. Hata yule wa sabuni ya kuliwa. Mwanajuma kaleta mikate ya kumimina, vidole vimesinyaa kwa maji ya chumvi. Nikamwamkia. Akaniitikia huku akinipa pole. Mimi!

Nilikaa nje ya mlango nikiwa tayari kuwacheka. Kicheko hakikuja. Walisoma vizuri, bila haraka, kama anavyosomewa mtu wa nyumbani.

Kabla ya dua Mwanajuma akatoka kuniuliza. Kiza binti nani? Lazima atajwe kwa jina kamili.

Mama alizikwa mwaka jana nikiwa Maskati. Nilipofika, hitima yake ilikuwa imeshasomwa na viti vimesharudishwa. Yeye ndiye aliyekuwa akianika ndimu juu ya paa na kutupigia kelele kuhusu kitambaa.

"Kiza ni la kuitwa tu," nikasema. "Tajeni Zuweina binti Hamed."

Likatajwa jina la mama. Salma alikuwa mle ndani. Amin zikaanza, na sauti yake ilikuwa juu ya zote.

Jumapili, 1 Februari

Maboksi. Salma hajaniuliza na mimi sijasema. Tumefunga chupa pamoja tangu asubuhi, yeye karatasi, mimi gundi.

Barazani kuna mtu kauliza tena habari za ndimu. Mwanajuma kamjibu yale yale, jua na kitambaa na matusi yake. Salma akasoma, akanisogezea simu.

"Jibu na wewe," akasema. "Kwa jina lako."

Nikaandika kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya mama yetu.