Barua ya kumkatalia Mwanapili

Ruchi, walomfanyia Mwanapili leo mpaka sasa siamini!

Kamati ya mkutano wa teknolojia ilikuwa ikichagua makala, na yeye ndiye katibu wao. Ilipofikiwa makala yake ya mashine ya kukaushia mwani, akatoka nje, ndo sharti lao.

Karudi, Dk. Zaheer, mwenyekiti wao, anamwambia: "Tumeikataa. Mwandishi hajui mwani."

Hajui mwani! Mtoto wa Kiwengwa, mamake kamsomesha kwa huohuo mwani! Zaheer mwenyewe Kiwengwa anaijulia hotelini.

Na barua za kukataa huziandika katibu. Basi kakaa palepale mbele yao, kaandika: "Bi. Mwanapili, tunasikitika..."

Zaheer kaisoma, kamwambia: "Hii sasa umeandika vizuri."