Baba Kachorwa Samawati

Mio upo? Nimejifungia chooni hapa ukumbini.

Ile picha ya kumuaga Baba anayestaafu jukwaani. Kaka Tatsunori kaifunua mbele ya watu wote. Wakapiga makofi. MAKOFI, Mio!

Uso sawa, ule mtindo wetu wa kale, macho ya makengeza, mdomo umebinuka. Ndiye Baba akiigiza. Lakini joho ni samawati iliyopauka, na mkononi kashikishwa tawi la shikimi.

Tawi la makaburini!! Zile picha za bibi yako, za waigizaji waliokufa, si ndivyo zilivyo? Samawati, tawi, na tarehe ya kifo pembeni. Na Baba yupo pale kwenye kiti cha magurudumu, anatafuna keki ya mochi!

Nikamvuta Kaka pembeni. "Umemchoresha Baba maiti?"

Eti, "Acha uchuro wako, Rumiko. Mchoraji kapenda rangi tu."

Rangi tu! Mtu aliyezaliwa nyuma ya pazia la jukwaa ananiambia rangi tu! Jina la jukwaani la Baba atalirithi yeye mzee akifa, basi keshaona mzee anachelewa.

Nikajipa moyo kwamba Baba hajaelewa. Tangu apooze, kusema kwenyewe kwa shida.

Kaelewa, Mio. Kaitazama weee, kisha kamwita Kaka kwa kidole.

"Mchoraji kanichora vizuri, mwanangu. Ila tarehe hajaandika. Kakuachia wewe?"