Shingo ya Baba Amon

Roma, 8 Julai 2024

Mama Amon,

Ndaga. Natumaini umeamka salama hapo Ikolo na mguu wako umepunguza maumivu. Mimi ni mzima, ila joto la huku ni kama la Kyela mwezi wa kumi na mbili, bila upepo wa ziwa. Nakuandikia kwenye simu kama barua, na tarehe yake, usome taratibu.

Amon na mkewe Chiara walinipokea uwanja wa ndege pamoja na mjukuu wetu Gift. Mara mkamwana akaja mbio, mikono ameitandaza, anataka kunibusu shavu hili na hili! Nikarukia nyuma ya toroli la mizigo, mtu mzima na koti langu. Watu wakatukodolea macho.

Unaijua desturi yetu ya kutila. Mke wa mwanangu na mimi hatutazamani usoni, hatupishani njia moja, hatuli meza moja. Kwetu yeye ndiye anayenikwepa. Huyu hajui, kwa hiyo ninakwepa mimi kwa niaba yetu wote wawili.

Kesho tunaanza safari ya likizo, mkoa kwa mkoa mpaka kaskazini, wote wanne ndani ya gari dogo. Chiara ndiye dereva, maana leseni ya Amon ya huku haijatoka. Mimi nakaa nyuma, lakini kuna kile kioo cha dereva. Kila akikitazama, macho yetu yanataka kukutana. Kutoka uwanja wa ndege nimegeukia dirishani njia nzima. Chiara akamwuliza Amon nina nini. Amon akajibu kwamba nina shingo mbovu.

Mumeo,
Baba Amon


Ikolo, 9 Julai 2024

Baba Amon,

Nimepokea salamu zako kwa furaha. Mguu unaendelea vizuri na kakao tumeianika. Nimesoma habari ya toroli nikacheka mpaka Tusekile jirani akaja kuuliza kama nimepata wazimu.

Kisha nikaacha kucheka. Shingo? Mimi nilimkwepa marehemu baba yako miaka yote. Nikimwona njiani, naingia migombani na ndoo yangu kichwani. Lakini nilifundwa. Nilijua ninampa heshima, naye alijua anaipokea. Huyo binti anaona mzee anayemkimbia, basi.

Kumbuka kilichokupeleka huko. Chiara anasita kumleta Gift Desemba kwa watu asiowajua. Ndiyo maana walikuita, akuzoee. Kanisani nimeshatangaza kwamba mjukuu anakuja. Mwambie Amon aseme ukweli kabla hamjafika mbali.

Mkeo,
Mama Amon


Toscana, 12 Julai 2024

Mama Amon,

Pole na mguu, na pole na kazi ya kuanika kakao. Mwili wangu ni mzima, moyo hapana.

Mkoa wa Umbria tuliupita salama. Milima yake kama ya Busokelo, nyumba za mawe zimepachikwa juu kabisa kama viota. Tukiwa huko Chiara aliingia duka la dawa akatoka na kola ya shingo, ile wanayovalishwa walioanguka na pikipiki. Ningefanyaje? Nikavaa. Amon akaninong'oneza, “Baba, vumilia, safari yenyewe fupi.” Nikamjibu, “Umeoa wewe, kola navaa mimi.”

Jana tukapita shamba la ng'ombe weupe, pembe ndefu hivi. Unanijua mimi na ng'ombe. Nikageuza shingo mpaka begani nikiwasindikiza kwa macho, huku nikimwambia Gift, “Ona dume lile! Ona nundu!” Nilipozinduka, gari limesimama. Chiara ananitazama kwenye kioo. Nami nikajifunika uso kwa kofia. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

Alizungumza Kiitaliano muda mrefu. Amon akanitafsiria maneno machache tu: “Anasema shingo yako ni nzima.” Nikauliza, “Na mengine?” Akainamia simu yake. Gift akanitolea yote: “Mama anasema Babu hataki kumwona kwa sababu yeye siyo mtu wa kwenu. Anasema hatutakuja Desemba.”

Sasa Amon hataki kueleza. Anasema mkewe atatuona washamba. Nami kumtazama mkamwana usoni siwezi. Mwili wenyewe unakataa.

Mumeo,
Baba Amon


Ikolo, 13 Julai 2024

Baba Amon,

Leo sikuulizi hali, naijua. Mpe Amon simu asome hapa.

Amon, mwanangu, ushamba ni kumwacha baba yako avae kola kwa shingo isiyouma. Mkeo anadhani anachukiwa, nawe unaona aibu ya desturi iliyokulea!

Baba Amon, kama mtoto hawezi, sema wewe. Sikwambii umtazame. Ukweli unahitaji mdomo, macho yana kazi nyingine. Sema hata ukiwa umempa mgongo.

Mkeo,
Mama Amon


Ikolo, 16 Julai 2024

Baba Amon,

U mzima? Wote wazima? Naona ujumbe wangu umeusoma na jibu hakuna. Mmepata ajali? Wamekurudisha Roma? Nimempigia Amon, amekata.

Kitanda nilichomwandalia Gift nimekifunika shuka, siwezi kukitazama. Dada yako Kisa ameuliza mara ya pili mgeni anafika lini, nikajifanya nina kikohozi. Andika hata neno moja.

Mkeo,
Mama Amon


Piemonte, 18 Julai 2024

Mama Amon,

Ugonile. Sote wazima, na unisamehe. Simu haikuwa na tatizo, mimi ndiye sikuwa na la kuandika.

Nilifanya ulivyosema. Tulipofika nyumba ya wageni nilivua kola, nikageuzia kiti ukutani, nikakaa nimempa Chiara mgongo. Nikamwambia Amon, “Tafsiri neno kwa neno. Ukiruka moja nitajua.” Kiitaliano sijui, lakini aliogopa.

Nikauambia ukuta habari yote ya kutila. Nikasema, “Mwenye duka namtazama. Mhudumu wa hoteli namtazama. Duniani kuna mwanamke mmoja tu nisiyemtazama, naye ni mke wa mwanangu. Siku nikikukodolea macho, ujue nimekuhesabu mpita njia.”

Nyuma yangu kiti kikaburuzwa sakafuni. Kisha nikasikia mlango unafungwa. Baada ya hapo Chiara aliendesha bila kusema na mtu, na Amon akawa analala kwenye kochi. Nikajua nimewavunjia nyumba. Ningekuandikia nini?

Leo tumeingia mkoa huu wa Piemonte. Mama Amon, mpunga! Mpunga mpaka macho yanachoka, umesimama majini, kijani kama wa Busale mwezi wa tatu. Hakuna aliyeniambia Wazungu wanalima mpunga. Nikapiga kelele, gari likasimama, nikavua viatu nikaingia jarubani. Udongo ni uleule, unanyonya mguu vilevile. Furaha ikanitoa akili. Nikageuka nikaita, “Mama Gift! Njoo uone!” Nikamtazama usoni, waziwazi, kama ninavyokutazama wewe.

Naye alipoona namtazama, akavuta mtandio kichwani, akageuka, akanipa mgongo. Kando ya barabara kuu, malori yanapita.

Nilibaki ndani ya maji sijui niende wapi. Kisha akasema kitu, mgongo bado uko kwangu. Amon alikuwa anafuta macho, hakufaa kwa kazi yoyote. Gift ndiye aliyenitafsiria: “Babu, Mama anasema nyumba yenu kwenye picha ina mlango mmoja tu. Desemba ukikaa barazani, yeye atapita wapi?”

Mwite fundi Andrea kesho asubuhi. Atoboe mlango upande wa jikoni, na uwe mpana.

Uso wake nimeuona, ni mzuri. Usimwambie mtu.

Mumeo,
Baba Amon