Maili Mbili na Nusu

Dada Hilary,

Usiucheke mwandiko wangu. Waridi la marehemu mama limechanua, na mbwa wako uliyeniachia amezeeka ila ulafi uko palepale.

Halmashauri imemfutia mwanangu Tamsin teksi ya shule. Eti usonji haumzuii kutembea! Nikakata rufaa, wakamtuma Bwana Pickersgill na gurudumu lake la kupimia barabara.

"Maili mbili na nusu tu, mama. Panatembeka."

"Basi mshike wewe mkono, tuone!"

Tulipofika darajani lori likapiga honi. Tamsin akampiga Pickersgill kichwa cha pua, akamng'ata sikio, akachomoka kuelekea magurudumu ya lori. Nikamdaka kwa nywele, akanipiga mateke mpaka tukaanguka wote wawili. Pickersgill alikaa ukingoni akitema damu. Shuleni tulifika, tukiburutana.

Jana jibu lilikuja, na ripoti ya Pickersgill ndani: "Rufaa imekataliwa. Mtoto alitembea njia yote na alifika salama."

Kesho tunatembea tena, dada. Mkono wangu wa kulia ulivunjika siku ile pale darajani. Nakuandikia kwa wa kushoto, na ndio huohuo nitakaomshikia barabarani.

Mdogo wako,
Glenys