Kope Zinazotazama Ndani

Jumapili, 2 Februari

Mkwe wangu mpenzi,

Marahaba, nakuitikia kabla hujaniamkia. Habari za huko ugenini? Umepata chumba chenye dirisha? Huyo mwenye duka anakupa saa za maana uzitengeneze au anakurundikia zile kubwa za ukutani? Mimi ni mzima mwili wote isipokuwa hawa wapangaji wangu wawili wa usoni. Simu yako niliiona, lakini simu inaniharakisha. Barua inaniacha niseme hadi nimalize.

Kope zimeota tena tangu uondoke. Hazina adabu hata kidogo. Za wenzangu zinatazama nje, zangu zinageuka kutazama ndani, na kila nikipepesa ni kama nimefumbia mchanga. Nimekumbuka Jumapili zetu, kichwa changu mapajani mwako hapa dirishani, wewe na kile kioo chako cha kukuzia saa kimebanwa jichoni, unazing'oa moja moja kwa kibano huku nakusimulia umbeya wa wiki nzima. Tangu mwanangu, mumeo, atutoke, saa ile ndiyo iliyokuwa ikinishikilia. Nashukuru sana, na sijui kama niliwahi kukwambia.

Usiwe na wasiwasi. Jirani yetu fundi suti amejitolea kushika zamu yako. Mkono wake ni mtulivu, na makoti yake yote matundu ya vifungo nayashona mimi, kwa hiyo macho haya ni yake pia.

Mama mkwe wako


Jumapili, 16 Februari

Shikamoo mama,

Umeitikia mapema lakini nakuamkia hata hivyo. Mimi sijambo. Chumba nimepata, dirisha linatazama ukuta wa jirani, ila asubuhi mwanga unaingia kwa pembeni. Kazini napewa saa ndogo za mkononi, zile ambazo wenzangu wanazikimbia. Nazipenda.

Mwambie fundi suti aikamate kope karibu kabisa na ngozi, avute taratibu kule inakoelekea, itoke na mzizi wake. Ikikatikia njiani itakuchoma kuliko mwanzo. Kibano nilikiacha kwenye droo ya cherehani. Aoshe mikono kwanza, na usimsimulie jambo la kuchekesha akiwa ameshakishika.

Halafu mama, nenda kliniki ya macho. Muuguzi alishatuambia kwamba kung'oa kunakupa nafuu tu, si tiba. Uliahidi utakwenda nikishaondoka. Nimeshaondoka.

Mkweo anayekupenda


Jumapili, 9 Machi

Mwanangu,

Natumai barua hii imekukuta salama. Utanisamehe kwa herufi hizi kubwa, leo naandika kwa jicho moja.

Maelekezo yako yalifika wakati maji yameshamwagika. Nilimwambia fundi suti aniondolee kope zinazonisumbua, naye akanyoosha mkono akachukua mkasi wa nyuzi. Hukuwepo kutushtua. Fundi nguo akiona uzi umechomoza havuti, maana ukivuta kitambaa chote kinasinyaa. Anakata, tena anakata chini kabisa. Na mimi niliyeishi kwenye vitambaa maisha yangu yote niliona ni sawasawa. Nikamsifu hata kwa usafi wa kazi. Siku mbili tatu nilikaa raha mustarehe, kisha visiki vikaanza kuchomoza, vigumu kama nywele za mswaki.

Nimekwenda kliniki, nimetimiza ahadi. Muuguzi anasema kioo cha jicho la kulia kimekwaruzwa na doa jeupe limeshaanza. Nikiendelea hivi jicho litakwenda, na la kushoto litafuata. Anataka nifanyiwe upasuaji mdogo wa kugeuza ukingo wa kigubiko cha jicho, ili kope zitazame nje kama za watu. Nimemwambia nitafikiria.

Usimlaumu fundi suti. Amelia kuliko mimi. Amenikataza kushika sindano, na kila asubuhi analeta chai na kusimama mlangoni kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Mama yako


Jumatatu, 17 Machi

Shikamoo mama,

Barua yako imeniondolea usingizi. Fundi suti simlaumu, tena mpe salamu zangu na umwambie aingie ndani akae.

Lakini unafikiria nini? Wewe ndiye uliyetolewa jino huku unamkosoa daktari jinsi koti lake lilivyoshonwa. Kisu hukiogopi. Kuna jambo hunielezi. Tafadhali niambie, maana doa hilo halitakusubiri ufikirie.

Mkweo


Jumapili, 30 Machi

Mkwe wangu,

Naona huko umejifunza kufungua hata watu, si saa peke yake. Haya, nitasema.

Ni kweli kisu hakinitishi. Kinachonitisha ni siku baada ya kisu. Kope hizi zikigeuzwa, wewe utakuja kwangu kufanya nini? Mwanangu amelala kaburini. Mjukuu hatukujaliwa. Jamaa zangu wameshanipa pole ya mapema, eti mkwe aliyefiwa na mume undugu wake unabaki wa salamu, na wala si kosa lake, bado ni kijana. Moyoni nikasema huyu wangu ana sababu ya kurudi, kope zangu haziwezi mtu mwingine. Sasa wanataka kuniondolea sababu yenyewe.

Ujinga wa mzee huo, najua. Lakini umeniuliza.

Mama mkwe wako, kama bado


Jumapili, 6 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Lile neno lako la mwisho, "kama bado", nimelifuta kwa kalamu ndipo nikaanza kuandika.

Sasa na mimi niseme. Kwenye msiba ule kila aliyenikumbatia aliniambia nijikaze, nikajikaza. Kazini nikajikaza. Nyumbani nikajikaza kwa ajili yako, maana ulikuwa umempoteza mtoto. Mahali pekee nilipoweza kulegea ni pale dirishani, kioo kimenibana jicho moja, uso wangu uko juu yako na wewe umefumba. Kuna siku tone lilidondoka shavuni mwako ukajipangusa ukasema, "Leo macho yangu yanavuja kama paa bovu." Nikaendelea kung'oa. Yale yalikuwa machozi yangu, mama. Yalidondoka Jumapili nyingi.

Kope zako sikuzifuata kama kazi. Zilinipa mahali pa kulilia na mtu wa kuwa karibu naye bila kuulizwa kitu. Ninakushukuru wewe, na hata kope zenyewe nazishukuru.

Basi nenda ukapasuliwe. Nitarudi, uwe na kope au usiwe nazo. Nataka uwe na macho ya kuniona nikiingia.

Mwanao


Jumapili, 4 Mei

Shikamoo mama,

Sijapata jibu. Simu inaita mpaka inakata, na fundi suti kila nikimpigia anasema uko salama kisha anadai mteja ameingia. Wateja wa suti hawajawahi kuwa wengi kiasi hicho. Kama barua yangu ilikuudhi, niambie. Nimeomba ruhusa kazini, nakuja mwisho wa mwezi huu.

Mwanao


Jumatano, 14 Mei

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Tazama herufi zangu. Zimerudi ndogo.

Fundi suti nilimwapisha asikwambie. Nilitaka habari hizi uzisome kwa mwandiko wangu, na macho yalipokuwa yakiuguzwa nilikatazwa kuyachosha. Yeye ndiye aliyenishika mkono kunipeleka na kunirudisha, na akanisomea barua yako. Alisoma kwa shida, akakatisha mara kadhaa kupenga kamasi. Mimi sikumsaidia, nilikuwa na kazi yangu ya kulia.

Macho yote mawili yamefanywa. Doa la kulia muuguzi anasema halitaondoka, lakini halitakua. Kope zinatazama nje. Jana nilipepesa, nikapepesa tena kwa kutoamini, halafu nikashona tundu moja la kifungo. Fundi suti amelikata pamoja na kitambaa chake aliweke kumbukumbu, anasema hilo haliuzwi.

Kuhusu yale machozi, nilijua. Yangu hutoka ndani ya jicho, yale yalitoka juu. Nilisema paa linavuja ili uendelee kulia kwa amani, na kila Jumapili nilimshukuru Mungu kwamba ninalo paja la kulalia na wewe unalo shavu la kudondoshea.

Njoo mwisho wa mwezi. Kibano nimekirudisha kwenye droo, hakitatoka. Kiti kiko pale pale dirishani, ila safari hii nakaa mimi, na kichwa unalaza wewe.

Mama yako