Mwenzangu Anayejiita Mimi

Dada Mwanaisha,

Hamjambo huko Kau? Sisi tumefika Garsen salama, ila jua la hapa linachoma mpaka ndani ya leso. Nimepanga foleni duka la simu, Salimu mgongoni, nikamweleza binti wa kaunta kwamba kuna mtu ameichukua namba yangu kwa kitambulisho changu, sasa anawakopa ndugu zangu wote. Akatazama picha, akanitazama mimi.

"Mama, hapa ulikuwa mnene."

"Hiyo ni kabla ya watoto wawili."

Akaipiga namba yangu, akaweka spika. Mwanamke akapokea, bila haya akasema, "Ndiyo, Zainabu ni mimi." Papo hapo Salimu akaanza kulia. Nikaisogelea ile simu.

"Haya, Zainabu, mwanao huyu ana njaa na hajalala siku mbili. Njoo umnyonyeshe, mimi nipumzike kidogo."

Akakata. Foleni nzima ikacheka. Binti wa kaunta akasema huo ushahidi umemtosha, akamfungia yule laini, namba ikarudi kwangu.

Nakupenda, dadangu, nibusie mama na watoto. Na mtu akikuomba namba yako ya siri mnyime, hata akiwa ni mimi.

Zainabu wako